Proforma tatu, mkono mmoja

Mwenzetu mmoja wa promosheni aliniuliza juzi: "Kumbe Kongo hatuna sheria ya kukataza bakubwa kujipa mikataba ya Leta?" Nilicheka. Tuko nazo, tena zimeandikwa vizuri. Nimekaa nazo siku kadhaa, na leo nataka kuzichambua kama vile tulikuwa tunachambua maandiko darasani. Kupiga kelele "bote ni bezi" kila mtu anaweza, hata mulevi wa kwenye kona.

Tuanze juu. Katiba ya 2006, kifungu cha 98, inasema Rais na memba wa serikali, wakati wako kazini, hawawezi kununua wala kupanga mali ya Leta, wao wenyewe ao kupitia mtu mwingine. Tena hawawezi kushiriki katika mikataba ya serikali, ikiwa moja kwa moja ao kwa kuzunguka. Mimi napenda haya maneno "kupitia mtu mwingine". Aliyeandika alitujua. Alijua shemeji, alijua shofere, alijua mtoto wa dada mwenye kampuni ya mwaka jana.

Kifungu kinachofuata, cha 99, kinataka watangaze mali ya familia mbele ya kuingia kazini na wakitoka: nyumba, mashamba, mashimo ya madini, hesabu za banki, hata mali ya mke ao mume na ya watoto wanaowategemea. Asiyefanya hivyo ndani ya siku 30 anahesabiwa kama amejiuzulu. Ni maneno makali kweli. Lakini muangalie karatasi hiyo inaenda wapi: Mahakama ya Katiba, nayo inaipeleka kwa watu wa kodi. Basi. Kifungu hakisemi popote kwamba raia ataiona. Jirani ambaye anajua ile nyumba ya orofa ilianza kujengwa mwezi gani, na nani anakuja kuikagua siku ya Mungu, hana kitu cha kulinganisha. Yaani sheria imemuacha inje shahidi mwenye kuona mbele ya wote.

Kuna tena kanuni ya mwenendo ya mtumishi wa Leta, dekre-lwa namba 017 ya tarehe 3 mwezi wa 10, 2002. Hiyo inamshika kila mtu anayefanya kazi ya Leta na kulipwa na Leta, na iliunda chombo cha kuisimamia, OCEP. Sasa nawauliza ninyi muko na lisansi: wangapi mulisikia jina OCEP mbele ya leo? Katika biro nilipofanya staji, kanuni hiyo sikuiona hata ukutani. Ukutani kulikuwa kalenda ya kampuni ya bia.

Upande wa mikataba yenyewe, sheria namba 10/010 ya tarehe 27 mwezi wa 4, 2010, ilikata mambo vizuri. Njia ya kawaida ni kutangaza wazi, makampuni yote yaje kushindana. Kupatana na kampuni moja tu, ile tunaita "gré à gré", ni jambo la pekee, na linaomba ruhusa ya DGCMP mbele ya kusaini. Anayenunua ni mmoja, anayechunguza mbele ni mwingine, na ARMP inasimamia kanuni na kusikiliza malalamiko. Kwenye karatasi, mtu mmoja hawezi kuwa mnunuzi, muuzaji na refa.

Halafu tunafika Kisangani. Mwezi wa 9, 2025, Mahakama ya Kasasyo ilimuhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi ya nguvu juu ya kupotosha dola milioni 19 katika mradi wa kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana, na watu wake wanasema ni njama ya siasa. Sitaingia mule. Kinachoniuma ni njia: mkataba ulipita kwa "gré à gré", na pesa ilitoka FRIVAO, mfuko wa fidia ya wahanga wa vita vya jeshi la Uganda. Ni ile pesa ya hukumu ya 2022 kule La Haye, dola milioni 325. Kuna mama Kisangani aliyepoteza mguu mwaka wa 2000 na bado anapanga mustari na makaratasi yake.

Tena mukumbuke kesi ya siku 100. Vital Kamerhe alihukumiwa miaka 20 mwaka wa 2020 juu ya nyumba za kuunganisha, na mwaka wa 2022 akaachiliwa kwamba hana kosa. Kila upande ulipata kitu cha kusherehekea. Na sisi wote tulijifunza vibaya: tulizoea kwamba maadili yanaanza siku jaji anaingia. Jaji anauliza, "Uliiba?" Kanuni ya maadili inapaswa kuuliza swali dogo zaidi, tena mapema: "Wewe, ulikuwa na haki ya kukaa kwenye hii meza?" Swali hilo halihitaji avoka kumi wala televizyo. Linahitaji mtu mmoja wa biro mwenye kusema hapana na kesho yake bado ako na kazi.

Mtu huyo, sheria zote nilizotaja zinamuagiza. Kumlinda, njo shida.

Najua juu nilikuwa huyo mtu. Biro moja ya serikali, sitaitaja, ilihitaji meza na viti. Shefu alinipa ufunguo wa USB na kusema: "Andika proforma tatu. Badilisha maandishi, zisifanane. Hii ya pili njo iwe na bei ya chini." Makampuni matatu, majina matatu, na kashe zote tatu zilikuwa katika kabati yake, kando ya kashe ya biro. Niliandika. Ilinichukua kama saa moja na nusu. Alinipa franga 10.000 za transpo, nikanunua mkate na iniite. Nilikuwa nimetafuta ile staji miezi minne. Ningemulalamikia nani, na kwa mutu gani muko na mimi?

Meza zilifika. Mbao zilikuwa bado mbichi. Mbele ya mwaka kuisha droo zilikuwa hazifungike tena.

Wakati huo wenzetu wawili wa promosheni walikuwa wamefungua atelye ya mbao, karibu na kituo cha bisi. Walikuwa wameweka makaratasi yao kwenye biro ile ile, na bei yao niliiona: ilikuwa chini kuliko ile niliandika mimi. Walingoja kuitwa. Mmoja wao anasoma ukurasa huu, na mara mbili ameniuliza kama najua sababu waliachwa. Nilimujibu sijui.

Ndugu yangu, zile proforma tatu ni mimi nilizichapa.