Kitabu kilichofungiwa katika kabati

Katika masomo mengi ya misioni watoto wa mwaka wa pili wanasoma maneno ya ubao kwa sauti moja, na wageni wanasifu. Sisi hatusifu. Mwalimu akifuta ubao, akaandika maneno yale yale kwa kuyageuza nafasi, wengi wananyamaza. Hawakusoma, waliyashika kwa kichwa tu. Makatekista wanajua: mtoto anayejibu katekisimu yote bila kukosa, mkimpa somo la Misa alisome, anakwama mstari wa kwanza.

Vitabu viko wapi? Katika kabati la direkta. Wanasema watoto watavipasua. Tangu mwaka 2019, masomo ya msingi ya Serikali na ya misioni yalipofanywa bila malipo, kalasi zimejaa, tunakubali. Lakini kitabu kilichobaki kipya miaka mitano kimemfundisha nani?

Sheria ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha zetu. Basi kitabu cha Kiswahili kinaeleweka nyumbani, hata kwa mama asiyejua Kifransa: mtoto anasoma, mama anasikia, anauliza, anamsahihisha. Nasi tunakifungia hicho hicho!

Padri mwenye kuangalia masomo anapashwa kuamuru hivi: vitabu vitoke siku ya posho, virudi siku ya kwanza, majina yaandikwe katika kaye ya mwalimu, mzazi asiyejua kusoma apewe kazi moja tu, kusikiliza. Vitakavyopasuka vishonwe.