Jumlisha au Toa

Mwalimu mzee wa hisabati akifika kwenye mstari wa x² = 49, mkono wenye chaki hupunguza mwendo. Huandika x, alama ya sawasawa, kisha ±, ndipo aweke 7. Darasa zima huona kwamba hapo pana majibu mawili.

Siku hizi mwanafunzi hubonyeza kitufe cha kipeuo kwenye kikokotoo, 7 ikatokea, naye akafunga daftari. Kikokotoo hakikukosea. Alama ya √, kwa makubaliano ya wanahisabati, hutaja kipeuo chanya peke yake. Kukumbuka kwamba −7 mara −7 nayo ni 49 ni kazi ya mkokotoaji, na kazi hiyo ndiyo inayotelekezwa.

Namba hasi iliwasumbua hata wanahisabati wakubwa. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alikokotoa x² + 10x = 39 akatoa jibu la 3; −13 hakuitaja. Mwaka 1637 Descartes bado aliyaita majibu hasi kuwa ya uongo, ilhali kule India Bhaskara, katika karne ya 12, alikwisha kufundisha kwamba namba chanya ina vipeuo viwili.

Uzuri hasa wa ufundi huu wa kutafuta majibu yote uko katika kuhakiki. Chukua √x = x − 6. Ukipandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, utapata x = 4 au x = 9. Yote mawili yanapendeza, lakini fundi hayaamini bado. Huyarudisha kwenye mlinganyo wa awali, kama seremala anayejaribu mlango kwenye fremu. Tisa inakubali: 3 kwa 3. Nne inakataa, maana kushoto ni 2 na kulia ni −2. Basi 4 inakatwa, na sababu inaandikwa kando yake. Mstari huo mmoja wa sababu, ambao madaftari ya leo hayanao, ndio niliojifunzia uaminifu wa hisabati.

Tena jibu hasi si la kutupwa kila mara. Upande wa shamba hauwezi kuwa mita −7, hilo liko wazi. Lakini kwenye duara x² + y² = 25, y ikiwa 3, x ni 4 au −4; ukiiacha −4 umeipoteza nukta ya kushoto, na hiyo ni ya duara kama mwenzake.

Enyi walimu, msimpe maksi zote mwanafunzi aliyeleta jibu moja pasipo kusema la pili limekwenda wapi.