Pongezi kwa Wakili wa Dereva Mlevi

Dereva anayekamatwa usiku mjini Kegonga, Kenya, akinuka pombe hana wa kumwonea huruma, na ni haki yake kulaumiwa. Lakini lawama si hukumu, na kazi ya wakili wa utetezi ni kulinda nafasi iliyo kati ya hayo mawili. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Maandishi hayo hubaki karatasini mpaka atokee mtu wa kuyadai.

Ushahidi mzuri ni wa mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ilipokataa kanuni za 2011 zilizokuwa nguzo ya Alcoblow, kifaa cha kupima pombe katika pumzi ya dereva. Kanuni hizo zilifanya kuzidi kiwango cha pombe kilichowekwa kuwa kosa, ilhali kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinataka ithibitishwe kwamba dereva hakuweza kulimudu gari. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, ila mtu aweza kufungwa kwayo.

Watasema wakili huyu huwaachia wauaji barabarani. Hoja ni nzito, maana waendao kwa miguu ndio hugongwa. Hata hivyo, kifungu cha 44 hakikufutwa. Polisi walitakiwa tu wathibitishe kosa hilo. Na pale dereva anapojua haki zake, askari anayetaka “kitu kidogo” kando ya barabara hukosa cha kumtishia, na mlevi halisi naye hukosa njia ya kujinunua kabla ya kumwona hakimu.