Mto wa Starehe na Mto wa Kazi

Mtu akisimama Morogoro na kuitazama milima ya Uluguru, aona mito ikishuka kwa haraka kama yenye shughuli. Mto Morogoro wapita mjini, waingia Ngerengere. Ngerengere waingia Ruvu, nao Ruvu humwagika baharini karibu na Bagamoyo. Maji hayo hunywewa, hufuliwa nguo, humwagiliwa bustani, na mji wa Dar es Salaam huyategemea. Hatuna desturi ya kupanda chombo humo kwa kustarehe tu. Kwa hiyo mwanafunzi wa huku apewapo Three Men in a Boat, kitabu cha Jerome K. Jerome kilichotolewa mwaka 1889, yafaa aulize: Watu hawa wanakwenda wapi?

Swali hili lafungua kitabu chote. Marafiki watatu na mbwa wao, Montmorency, wapanda mto Thames kutoka Kingston hadi Oxford. Hawana bidhaa wala ujumbe. Zamani Thames nao ulikuwa mto wa mizigo. Reli ilipoipokea sehemu kubwa ya kazi hiyo, mto ukawabakia zaidi wenye nafasi. Ndiyo asili ya kicheko chake, maana asiyelazimika kusafiri huukuza kila udhia. Tazama kisa cha mkebe wa nanasi. Wamesahau kifungulio, waujaribu kwa kisu, kwa mkasi, wauponda kwa mlingoti, na mwisho wautupa mtoni. Msomaji wa Uluguru, ambako nanasi hukatwa shambani na kuliwa papo hapo, atacheka mara mbili.

Linganisha na Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Selemani bin Mwenye Chande alikwenda bara kwa biashara. Selim bin Abakari alifika hata Siberia akimfuata bwana wake Mdachi. Kwao, shida kubwa husemwa kwa maneno machache, kwani safari ilikuwa kazi, na kazi haina nafasi ya kujihurumia.

Je, tuseme basi kwamba kitabu cha Jerome ni upuuzi wa walioshiba? Sivyo. Karibu na Goring, marafiki wakuta maiti ya mwanamke ikielea. Alidanganywa, jamaa wakamfungia mlango, akafanya kazi ya kuchosha kwa ujira mdogo ili amlishe mwanawe, hata akashindwa. Wako wanaoona ukurasa huu ni kasoro, kwa kuwa waharibu mzaha. Mimi naona kwamba bila ukurasa huu mzaha wenyewe ungekuwa uongo. Hapo mwandishi akiri kuwa mto ule ule uwabebao wenye starehe huwapokea pia wasio na pa kwenda. Kosa lake ni kuondoka mapema mno: baada ya kurasa chache kicheko chajirudia, na mvua inapowachosha Pangbourne, wakiacha chombo, wapanda gari moshi kurudi London. Mwanamke yule hakuwa na gari moshi.

Mwandishi wetu atakayeandika juu ya Ruvu asione haya kuandika starehe. Urafiki na mapumziko ni mali ya fasihi pia. Ila asimsahau achotaye maji ukingoni wakati chombo kinapita.