Mjeledi wa Adili na Fundisho la Kulipa Ubaya kwa Wema

Ni rahisi kwa msomaji Mkristo kuisoma Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotolewa mwaka 1952, kana kwamba ni mfano wa lile fundisho la Mtume Paulo katika sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, kwamba aliyekosewa asirudishe ubaya, bali amtendee mema hata adui wake. Usomaji huo hauna kosa kubwa. Adili anatupwa baharini usiku na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, wanaomwonea kijicho kwa ajili ya mchumba wake, Mwelekevu. Anaokolewa na Huria, jini ambaye yeye Adili alikuwa amemnusuru hapo awali alipomkuta katika umbo la nyoka. Huria anapotaka kuwaua wakosefu, mwenye kukosewa ndiye anayewaombea. Lakini usomaji wa namna hii hupita upesi mno mbele ya kitu kimoja kilicho wazi kabisa katika kitabu, nacho ni mjeledi.

Maombi ya Adili hayakubaliwi yote. Ndugu zake hawauawi, bali wanageuzwa kuwa manyani, naye anaamriwa awapige kila usiku, la sivyo adhabu itamrudia yeye mwenyewe. Ndivyo Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, anavyomwona liwali wa Janibu: anawachapa wanyama hata wanalia, kisha analia pamoja nao, anawafuta machozi na kuwalisha chakula bora. Mkono unaopiga na mkono unaolisha ni mmoja. Hapa ndipo penye uzito wa hadithi, na hapa ndipo uhakiki ungepaswa kukaa zaidi kuliko katika majina ya wahusika, ambayo yanajieleza yenyewe.

Paulo hasemi kwamba ubaya upite bila hukumu. Anasema kisasi kiachwe mikononi mwa Mungu. Kwa upande huu Shaaban Robert yuko karibu naye kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu Adili hajitwalii haki ya kuadhibu. Adhabu inatoka kwa mwenye uwezo ulio juu ya binadamu. Tofauti inakuja baadaye. Mungu wa Paulo akishapokea kisasi hakirudishi kwa aliyedhulumiwa ili akitekeleze kwa mkono wake. Huria anakirudisha. Adili amesamehe kwa moyo, lakini mwili wake umefanywa chombo cha adhabu aliyoiombea iondolewe. Vivyo hivyo kuhusu ile sitiari ya makaa ya moto juu ya kichwa cha adui, ambayo Paulo aliichukua kutoka Mithali, sura ya 25. Augustino aliyafahamu makaa hayo kuwa uchungu wa toba unaowashwa na wema uliotendwa. Kwa ufahamu huo chakula chenyewe ndicho moto. Katika nyumba ya Adili moto na chakula vimetengwa: kwanza fimbo, halafu sahani.

Msomaji wa Kongo ana sababu yake ya kusimama mbele ya picha hiyo. Fimbo ya ngozi ya kiboko, ile iliyoitwa chikoti, ilitumiwa na utawala wa kikoloni kwa miaka mingi, na mara nyingi aliyeishika alikuwa askari wa Force Publique, Mkongo aliyempiga Mkongo mwenziwe kwa amri ya mwingine. Huenda askari huyo naye alihurumia. Huruma yake haikupunguza idadi ya mapigo.

Tena, kitabu hakimdanganyi msomaji kuhusu nguvu za wema. Adili alikuwa amegawana mali yake na ndugu zake walipofilisika, na wema huo haukuuzima wivu, uliuchochea. Asante ya punda ni mateke, na Shaaban Robert analijua hilo. Ila mahali palipohitaji kazi kubwa zaidi ya mwandishi, yaani namna toba inavyozaliwa, pameachwa tupu. Manyani hawasemi. Wanatoa machozi tu, na machozi ya mwenye kuchapwa hayaonyeshi kama anajuta au anaumia. Wanaporudishiwa ubinadamu wao wameongoka tayari, na msomaji hawezi kujua kama kilichowageuza ni sahani au ni mjeledi. Mwenye kushika methali ya dawa ya moto ni moto ataweza kukidai kitabu hiki kuwa chake, bila ya kukilazimisha sana.

Haifai, hata hivyo, kumshtaki mwandishi Mwislamu kwamba hakuandika waraka wa Paulo. Sura ya Fussilat katika Korani nayo inaagiza uovu ukingwe kwa lililo jema zaidi, na kiini cha hadithi hii kimetoka katika Elfu Lela Ulela, ambamo ndugu wabaya ni mbwa. Mjeledi umerithiwa kutoka huko. Swali ni jinsi kitabu kinavyotumika darasani, pale kinapotolewa kama kielelezo cha msamaha wa Kikristo.

Kongo inacho kielelezo kingine, kisicho cha kubuni. Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu la Bafwabaka, aliuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 na kanali wa waasi wa Simba aliyetaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa, na katika kupigwa kwake alimwambia mwuaji kwamba anamsamehe. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, naye alitamka msamaha kwa mwuaji huyo kwa jina la Kanisa. Katika mahubiri msamaha wa Anuarite hutajwa mara nyingi, na kukataa kwake hutajwa kama jambo la usafi wa moyo tu. Lakini mambo hayo mawili hayatenganishwi bila hasara. Mwanamke anayeambiwa asamehe na kunyamaza, arudi katika nyumba anamopigwa, anapewa nusu ya Anuarite, na ndiyo nusu inayomfaa anayempiga.

Adili anayo nusu hiyo. Anahurumia, anaomba, analia, na anatii. Usiku baada ya usiku hajaribu hata mara moja kuuweka mjeledi chini na kungoja lolote litakalomfika. Anaacha kupiga pale tu Rai anapomwagiza aache na kumpa barua ya kumwombea kwa Tahanusi, mfalme wa majini. Na Huria anapokuja kwa hasira kuuliza kwa nini adhabu haikutekelezwa, jibu la Adili ni kuitoa barua hiyo.