Alfajiri ya Kujaa

Manahodha wa Mji wa Kale wa Mombasa walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku kumikumi. Kila kumi ni mwongo. Miongo 36, na siku 5 za kukamilishia. Aliyeshika miongo alijua pepo zinageuka lini.

Seva nayo huhesabu bila majina ya miezi: sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich. Ikiandikwa kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya hasi, hesabu hiyo hukoma kwenye 2,147,483,647. Hapa Mombasa itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, jua likiwa bado halijachomoza.

Wengi hujituliza kwamba mashine zao ni za biti 64. Lakini wtmp, daftari linaloandika nani kaingia na lini, lilibaki na nafasi ya biti 32 hata kwenye nyingi kati ya hizo, ili programu kongwe ziendelee kulisoma. Nilisogeza mbele saa ya mashine ya majaribio yenye mfumo wa zamani kidogo hadi mara tu baada ya kujaa, nikaingia. Hesabu ikawa imegeuka hasi, na daftari likaandika: Ijumaa, 13 Desemba 1901. Mwezi ule reli iliyoanzia kisiwani kwetu ilikuwa ndiyo inafika Ziwa Viktoria! Katika mji wa bandari, daftari kukosea tarehe si jambo dogo. Karani akikana kwamba aliingia kwenye seva ya makontena, shahidi ni mstari ule mmoja.

Kwa nini nafasi isipanuliwe tu? Kila mstari wa wtmp una urefu maalumu, na programu huusoma kwa kuhesabu baiti. Ongeza baiti nne, na yote yanayofuata yanasogea. Mistari ya jana inageuka takataka. Wapo waliochagua kuisoma namba ileile bila alama ya hasi, wakapata hadi 2106. Siipendi njia hiyo. Ni deni kwa wajukuu.

Ninayemsifu ni Thorsten Kukuk wa openSUSE. Aliliacha daftari kuukuu akafungua jipya, wtmpdb, lililojengwa juu ya hifadhidata ya SQLite, lenye nafasi ya biti 64 kwa kila wakati. Debian 13 ya mwaka 2025 ikalipokea. Huo ndio ufundi: kujua kipi hakitengenezeki tena, na kukiaga bila kupoteza kilichoandikwa ndani yake.

Wewe unayetunza seva, usiiamini namba 64 iliyoandikwa kwenye karatasi ya mauzo. Chukua mashine ya majaribio, sogeza saa yake hadi alfajiri ile, uingie, kisha usome daftari lako.