Kuonja Bia Nyeusi Iliyokomazwa katika Mapipa ya Divai

Bia nyeusi kali, yaani ile inayopikwa kwa kimea kingi cha shayiri iliyochomwa na ambayo kiwango chake cha kilevi mara nyingi hufikia asilimia 9 hadi 13, hulazwa katika mapipa ya divai kwa miezi mingi ili ipate kutoka kwenye mbao kile ambacho tangi la chuma haliwezi kuipa. Anayetaka kuipima ubora hana budi kutafuta, katika kila hatua ya kuonja, kama pipa limeitumikia bia au limeitawala. Wapikaji wengi, hasa wa Marekani, hupendelea mapipa yaliyokuwa na wiski ya bourbon, ambayo huongeza vanila na utamu ambao hata mnywaji mgeni huutambua mara moja. Pipa la divai lina hatari kubwa zaidi, kwa sababu huleta uchachu na ukakasi, mambo mawili ambayo shayiri iliyochomwa tayari inayo kwa kiasi chake, na yakizidi hakuna utamu wa kuyafunika.

Kwa hiyo mwonjaji huanza kwa kulijua pipa lenyewe. Pipa la kawaida la Bordeaux huchukua lita 225, ilhali mapipa ya divai ya porto huweza kupita lita 500. Na kadiri pipa linavyokuwa dogo, ndivyo kila lita ya bia inavyogusana na mbao nyingi zaidi na kupenyezwa hewa zaidi. Mti unaotumika ni mwaloni. Ule wa Marekani huachia kwa wingi harufu inayokaribia nazi, na ule wa Ufaransa hutoa zaidi tanini, kemikali za mimea zinazokausha ulimi. Mbao zinapobanikwa kwa moto wakati wa kuunda pipa, huzaa vanilini pamoja na eujenoli, ambayo ndiyo hasa inayoipa karafuu harufu yake, na kwa hiyo pua iliyozoea karafuu za Unguja na Pemba haihitaji mwalimu wa kuitambua. Watawa wa abasia ya Koningshoeven, karibu na Tilburg nchini Uholanzi, walipoanza mwaka 2009 kuuza bia yao ya La Trappe Quadrupel iliyolazwa mapipani, walilipa kila toleo namba yake na kueleza mapipa yaliyotumika. Uwazi huo unastahili kuigwa, kwa maana lebo inayotaja pipa bila kusema lilihifadhi divai gani humnyima mnunuzi habari anayoihitaji kuliko zote.

Chupa husimamishwa wima kwa siku moja ili mashapo ya chachu yatue, na bia humiminwa ikiwa na joto la nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi katika glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kwa kuwa baridi kali huua harufu. Povu dogo linalotoweka upesi si kasoro katika bia yenye kilevi kingi namna hii.

Harufu hustahili kunuswa mara mbili, mara tu bia inapomiminwa na tena baada ya dakika kama kumi, wakati ambapo kahawa na chokoleti za kimea huwa zimelegea na kuyapisha matunda ya divai, kama cheri na zabibu kavu, yajitokeze. Harufu ya siki huonyesha kwamba bakteria wa asidi ya asetiki walipata hewa ndani ya pipa. Ile ya kiondoa rangi ya kucha hutokana na asidi hiyo kuungana na kilevi. Na ile ya mchuzi wa soya hutokana na chachu iliyokufa na kuoza katika bia. Jambo gumu zaidi kuamua ni Brettanomyces, chachu ya porini iliyoelezwa mwaka 1904 na mtafiti wa Denmark, N. Hjelte Claussen, aliyeikuta katika bia za Kiingereza zilizokomazwa muda mrefu. Kwa kiasi kidogo huleta harufu ya ngozi inayoipa bia kina, lakini ikizidi huleta harufu ya zizi, na hapo hakuna sifa nyingine inayoweza kuiokoa bia hiyo.

Mdomoni ndipo hukumu ya kweli inapotolewa, na mwonjaji anapaswa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Uchachu huyatoa mate, ilhali ukakasi huyakausha na kuyabana mashavu kama bibo linavyofanya. Uchachu mzuri hukata uzito wa sukari iliyobaki katika bia, na ukakasi mzuri huja mwishoni, ukiwa mwembamba, na kumfanya mnywaji atake funda jingine. Ukakasi unaotangulia ladha zote na kung'ang'ania kwenye ufizi ni dalili kwamba bia ilikaa pipani kupita kiasi. Baada ya kumeza, inafaa kungoja kimya na kuangalia ni ladha ipi inabaki ya mwisho: kimea kikirudi baada ya mbao, pipa limetumika kwa ustadi, zikibaki mbao peke yake, mpikaji ameshindwa. Oerbier Special Reserva ya kiwanda cha De Dolle kilichoko Esen, nchini Ubelgiji, ambayo hukomazwa katika mapipa ya Bordeaux, ni kipimo kizuri cha kulinganishia nyingine, maana uchachu wake ni wa wazi na bado kimea hakipotei.

Anayenunua chupa ya kuweka akiba aionje kwanza nyingine ya toleo hilohilo, kwa kuwa ukali wa kilevi na hata ukakasi huweza kutulia kwa miaka, lakini siki iliyokwisha kuingia katika bia haitoki.